Jogoo wa Wakwe na Besi wa Nakuru

Safari hii ilianzia kwenye shingo ya jogoo. Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wakifunga manyoya kwenye ndoana yafanane na nzi, samaki adanganyike. Manyoya bora, walisema, ni ya shingo ya jogoo. Kwetu Elburgon jogoo alikuwa mmoja tu. Nikamnyonyoa shingo nzima bila kuuliza mtu.

Mama akanikuta na manyoya mkononi. "Wewe Kamau! Si huyu ndiye jogoo wa kuwapa wakwe wa dada yako Jumapili? Niwape kuku uchi?"

"Nitaleta samaki mkubwa, Mama. Tutawapa huyo."

"Ukirudi mikono mitupu, utawaeleza wewe mwenyewe."

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nikaomba lifti kwa jirani mwenye lori la mbao. Kufika saa tatu nilikuwa Nakuru, kando ya bwawa la bustani ya jiji. Nilirusha kamba, ndoana ikanasa kofia yangu. Nikarusha tena, ikanasa mti.

"Boss," mlinzi wa bwawa, dada aitwaye Chebet, akaniambia, "samaki wako chini. Huko juu ni ndege."

Saa sita vitilapia vikaanza kumdonoadonoa yule nzi wangu wa manyoya. Ghafla maji yakapasuka. Besi, yule samaki mla samaki wenzake! Mdomo wake ungemeza ngumi yangu. Nilipiga mayowe mpaka wapenzi waliokuwa wakila karanga wakaachiana mikono. Nikamvuta, nikamkumbatia, kichwani nikawaona wakwe wakitabasamu.

"Pole, boss. Mrudishe majini," Chebet akasema. "Hapa unashika, unaachilia. Hukusoma kibao?"

Kibao nilikuwa nimekitundikia koti.

"Woi, Chebet, nina wakwe kesho!"

"Hata huyo ana wake."

Nikamwachilia. Roho iliniuma, siwezi kudanganya.

Jumapili wakwe wakafika. Nikasimama kuungama. Kabla sijaanza, jogoo akapita mlangoni, na baba mkwe wa dada akaruka kitini.

"Kishingo! Wale wanaozaliwa bila manyoya shingoni! Mama Kamau, huyu nimemtafuta miaka!"

Mama akanitazama. Mimi nikatazama dari. Jogoo akaondoka kwa gari, amepakatwa kama mtoto.

Nimejifunza kuomba ruhusa kabla ya kunyonyoa, na kusoma kibao kabla ya kukitundikia koti. Lakini manyoya huota tena, hata kwenye shingo ya jogoo aliyeko kwa wakwe. Siku hizi dada akipiga simu, mimi hukumbuka haraka kwamba kuna kuni za kupasua.