Dada na Maturubai ya Malori

Dada yangu hakupenda kulishwa. Polio ilimpitia akiwa mtoto, ikamwachia miguu miwili isiyobeba kitu, na tangu hapo alitembea kwa mikono, kandambili kazivaa viganjani. Mama alipofariki, dada alihamia kwangu Tunduma, kwenye chumba nilichopanga nyuma ya soko nilikouzia maandazi. Kaka yetu mkubwa, mkulima wa kijiji cha Mbebe, milimani, alitangaza palepale msibani kwamba akimaliza mavuno atakuja kumchukua, akakae kwake, ale, alale, asihangaike. Alisema kwa upendo kabisa. Lakini kule milimani dada asingeweza hata kutoka uani bila kubebwa, na alijua.

"Akija anikute na kazi," aliniambia. "La sivyo, ndiyo basi tena."

Waumini wenzetu kanisani walisikia kwamba anatafuta kazi, Mungu awabariki, wakachanga. Jumapili moja wakamletea zawadi iliyofunikwa kitenge, wakaimba, wakaifunua: cherehani ya miguu! Kanisa zima likapiga makofi. Sikujua nicheke au nilie. Dada alishukuru kwa adabu zote, na tulipofika nyumbani akacheka mpaka akashika mbavu. Alijaribu kusukuma pedeli kwa mkono mmoja na kushona kwa mwingine. Mshono ukaenda kombo kama mlevi. Jirani akaja na ile ya kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilimjibu kwamba methali hiyo ni tamu kwa mwenye koleo zima.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, malori yamejipanga yakingoja kuvuka kwenda Zambia. Kila lori lilikuwa na turubai, na hakuna turubai lisilochanika. Mbele ya chumba chetu palikuwa na uwanja wa mzee mmoja Mwislamu aliyetoka Tanga, mwenye malori kadhaa. Mafundi wake walishona maturubai wakiwa wamesimama, wameinama, wanavuta kitambaa kuelekea kwao. Pembeni walishona vizuri. Katikati, ambako hawakufika bila kulikunja lote, walilipualipua tu. Mvua ikinyesha njiani sukari inalowa, na mzee akipata habari, mtaa mzima unasikia.

Dada aliwatazama kutoka kibarazani kwa muda mrefu. Asubuhi moja akavuka njia, akavua kandambili za mikononi, akapanda juu ya turubai na kujiburuza hadi katikati. Fundi mmoja alimfokea. Yeye akamgeukia mwenye malori.

"Mzee wangu, naomba shazia."

Shazia ni ile sindano nene ya kushonea magunia. Mzee alimpa, nadhani kwa kuona haya kumkatalia. Basi dada akakaa katikati ya turubai la watu, ametulia kama yuko kwenye mkeka wa nyumbani, akashona. Sisi wenye miguu tunaiendea kazi kwa kusimama, kisha tunaanza kuinama. Yeye alikuwa palepale kazi ilipo.

Nilichokipenda kuliko vyote ni ukaguzi wake. Akimaliza kushona, jua likiwa kali, aliingia chini ya turubai, akaliinua kwa kichwa na kutambaa humo akitazama juu. Kila tundu, hata dogo namna gani, lilipitisha mwanga. Alilichoma kwa sindano na kuacha uzi mwekundu ujitokeze upande wa juu, ili akitoka ajue pa kushona. Hakuna aliyemfundisha.

Si kwamba mwili ulimhurumia. Tunduma baridi haina utani, na msimu wa kipupwe nyonga na mabega vilimuuma hadi machozi. Siku hizo hakwenda, na alibaki kitandani na hasira zake, usimguse. Lakini alikuwa amemweleza mzee tangu mwanzo, bila kuficha, kwamba zipo siku mwili unamkataa. Mzee alikubali, maana sukari yake ilianza kufika kavu. Madereva wa Zambia wakamwita bamayo, yaani mama kwa Kibemba, na walimngoja yeye hata mafundi wengine wakiwa wamekaa bure. Nilijivuna mpaka nikawa kero. Hakuna aliyenunua maandazi yangu bila kusimuliwa habari za dada.

Kaka alikuja baada ya mavuno, mkononi ana gunia tupu la kufungia vitu vya dada. Nilimpeleka uwanjani. Aliona turubai limetandazwa, na katikati yake pameumuka kitu kinachotembea.

"Sasa yeye yuko wapi?" akaniuliza.

Sauti ikatoka chini ya turubai. "Shikamoo, kaka. Sogea kidogo, unanizibia jua."

Kaka, ambaye ukoo mzima humpisha, akasogea. Dada akamwomba ashike pembe ya turubai, aiinue, asiilegeze. Akaweka gunia chini, akashika. Mwenye malori alipotoka ofisini alimkuta mwanamume mgeni ameinua turubai kwa mikono miwili, jasho linamtiririka.

"Binti, huyu nani tena?"

"Kibarua wangu wa leo, mzee," dada akajibu akiwa bado chini.

Kaka alifungua mdomo aseme alilolijia kutoka Mbebe. Nilimwona akilitafuta. Kisha akainama kidogo kuelekea kwenye ule uvimbe uliokuwa ukitembea chini ya turubai, akauliza, "Niinue zaidi?"