Kaseti ya Nyimbo za Wengine

Watu wanamusifu yule mwimbaji kwa nyimbo alizotunga mwenyewe, zile zinazopigwa kwenye arusi hapa Goma mpaka leo. Kaseti yake ya kwanza hawaijui. Humo hakuna hata wimbo mumoja wake. Zote ni za wengine: za wavuvi wa Vitshumbi, za kanisa, za wamama wakilima maharagwe. Wa saba ni wangu.

Mimi nilisoma miaka miwili tu. Lakini chukudu, zile baiskeli za mbao zinazobeba mizigo ya muji huu, nimechonga nyingi kuliko mutu yeyote wa kartie yetu, na nyumba yangu niliijenga bila kuomba mutu. Vita ilipomutoa yule mwimbaji, bado binti, kwao Kiwanja, akafika na ndoo moja na kitenge, mimi ndiye nilimufungulia mulango. Alikaa kwetu karibu mwaka. Aliniita Papa. Asubuhi alikuwa ananisikia nikiimba huku napiga randa, siku moja akauliza wimbo ule ni wa nani.

Nikamueleza. Katika vita iliyotangulia hiyo, sisi pia tulikimbia, na mutoto wetu wa kike akafa kwa homa njiani, kwenye kijiji cha Kalengera. Tulimuzika kando ya barabara, haraka, bila musalaba, watu wanatupita na magodoro kichwani. Tuliporudi kupatafuta hatukupaona. Palikuwa mihogo ya watu. Basi nikatia jina lake ndani ya wimbo, mara tatu, kama mutu anavyoita mutoto aje kula. Kaburi lake ni hilo tu.

Akaomba auimbe. Nilikubali, sikutaka kitu. Nilisema neno moja: jina lisitolewe ndani ya wimbo. Aliapa mbele ya muke wangu, amemushika mukono.

Kaseti ilipotoka niliwaita majirani, muke wangu akapika sombe na samaki wa chumvi. Wimbo wa saba ukaanza, na sitadanganya, aliuimba kuliko mimi. Pale sauti yangu inapokwama, yake ilipanda tu. Muke wangu akafunika uso na kitenge. Kisha jina likaja, na halikuwa la mutoto wetu. Lilikuwa la mutajiri mumoja wa malori. Mara tatu.

Kwetu Kongo mwimbaji anaita majina ya wakubwa ndani ya wimbo, nao wanamutunza. Tunasema ametupa libanga. Hiyo si dhambi, nami nimecheza nyimbo nyingi za namna hiyo. Lakini mutu hatupi libanga juu ya kaburi.

Jirani mumoja aliomba chumvi.

Nilienda kumuona yule binti. Alikuwa amehamia nyumba ya sementi. Alinipa kiti, akasema mutajiri ndiye alilipa studio, na alichagua mwenyewe pa kuwekwa jina lake, pale panapogusa watu.

"Papa, wimbo wako sasa unafika mpaka Beni. Mutoto wako, nani anamujua huko?"

"Hakuna," nikasema. "Ndiyo maana niliuimba."

Akaangalia chini. Akasema atautengeneza kwenye kaseti ingine. Hakuutengeneza. Alianza nyimbo zake, akawa mukubwa, na ile kaseti ikasahaulika.

Sasa watu wameanza kuitafuta. Mama mumoja wa redio alikuja kwangu, alisikia yangu ndiyo pekee iliyobaki. Nikamupigia hapahapa karakana. Kuna kitu nilikifanya zamani: pale pa jina la mutajiri nilibonyeza kurekodi, nikaita jina la mutoto wetu kwa sauti yangu. Nilichelewa kuachilia, nikafuta na sehemu nzuri kuliko zote. Unamusikia yule binti, kisha muzee anakohoa, anaita, jogoo nyuma yake, kisha yeye tena.

Yule mama akauliza kama kuna ingine isiyoharibika.

"Hii haijaharibika, mama."

Akasema kwa upole kwamba mafundi wao wanaweza kuitoa ile sauti ya muzee, jina la mutoto libaki limeandikwa kwenye karatasi ya kaseti. Nikatoa kaseti kwenye mashine, nikaitia mufukoni. Kiapo cha mutu nilishapokea mara moja.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Anayelitaka aje akae kwenye benchi langu, asikilize.