Kinyozi Aliyeogopa Kuanguka

Mjomba wangu anaitwa Mkono. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, ila linatoka kabatini akienda hospitali tu. Mtaa ulimbatiza Mkono kwa sababu ya wembe. Ukipita shingoni unasikia kibaridi, kama mtu anakupulizia, halafu unajipapasa unakuta kazi imekwisha. Kuna watu walikuwa wanasinzia kwenye kiti chake. Hebu fikiria. Mtu hamwachii jirani ufunguo wa nyumba, lakini kwa Mjomba analaza kichwa nyuma, anatoa koo lote nje, anakoroma.

Saluni yenyewe ni chumba kimoja, viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na feni inayolalamika kuliko inavyopuliza. Kiti cha dirishani ni cha Mjomba. Cha ndani ni cha kijana tunayemwita Redio, ambaye kazi yake si mbaya, tatizo ni kwamba hana kitufe cha kuzimia. Mimi nauza makava ya simu kwenye meza pale mlangoni, kwa hiyo kila kinachosemwa ndani kinanifikia nitake nisitake. Mara nyingi nataka.

Jambo ambalo Redio hakulijua, wala mteja yeyote, ni kwamba Mjomba ana kifafa. Anacho tangu ujana. Anakunywa vidonge asubuhi na jioni, na kwa miaka mingi vidonge vilikituliza, mpaka sisi tunaokaa naye nyumba moja tukakizoea kama mpangaji asiyetoka chumbani. Aliyekuwa hasahau ni mama yangu, dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea. Watu wengine huamkiana. Mama anauliza, "Umekunywa?"

Halafu asubuhi moja akaanguka jikoni. Tulisikia kishindo, tukakimbia, tukamkuta sakafuni anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Mama alisogeza stuli kwa mguu, akamgeuza ubavu, akamwekea nguo iliyokunjwa chini ya kichwa, akakaa naye akimwita jina lake lile la kabatini. Ilipopita alilala. Alipoamka hakuuliza nini kimempata, hilo alilijua. Aliuliza, "Nilikuwa nimeshika nini?"

"Kikombe," Mama akamjibu.

"Kiko wapi?"

"Kimevunjika. Acha, si kikombe tu."

Akauinua mkono wa kulia akautazama mbele na nyuma, kama kitu alichookota njiani na hajui mwenyewe ni nani. Nikaelewa. Alikuwa hafikirii kikombe.

Tangu siku ile nyumba ikawa na wagonjwa wawili ndani ya mtu mmoja. Wa kwanza alikuwa na vidonge vyake. Wa pili hakuwa na dawa, maana hakuna aliyemtaja. Mjomba aliwahi kuambiwa kliniki kwamba kukosa usingizi kunachochea kifafa. Basi akawa anaingia kitandani mapema kama mtoto wa shule, anafumba macho, anaanza kuogopa asipolala itakuwaje. Woga unamkesheza. Asubuhi anaamka amechoka, anakumbuka kwamba uchovu ni hatari, anaogopa zaidi. Ukitaka kumnyima mtu usingizi, mwambie alale la sivyo.

Kazini nako akaanza vituko. Alikata godoro kuukuu akabandika vipande kwenye kona zote za meza iliyo chini ya kioo.

"Vya nini hivyo?" Redio akamuuliza.

"Wateja wasigonge viuno."

"Kwani wanakuja kunyolewa au wanakuja kucheza muziki?"

Akaacha kufunga komeo la choo, na ili watu wajue kuna mtu ndani, akawa anaimba. Mjomba ana vipaji vingi, kuimba hakumo. Akaleta stuli ndefu akawa ananyoa ameketi. Na kabla ya kushika wembe alikuwa ananusa hewa. Kifafa kikitaka kuja, mara nyingine humtangulizia harufu ya plastiki inayoungua, harufu ambayo haipo. Tatizo ni kwamba mashine ya Redio ikichemka inatoa harufu hiyo hiyo, na ipo. Basi kila mara Mjomba anatoka mlangoni, uso umempauka, ananiinamia.

"Unasikia harufu?"

"Ya plastiki?"

"Eeh."

"Ni mashine ya Redio, Mjomba."

Hapo anashusha pumzi kama aliyefutiwa kesi, anarudi ndani. Siku nyingine alinijia mara nyingi mpaka wateja wangu wakadhani ananusa makava.

Mwishowe akaanza kuukwepa wembe wenyewe. Mwenye ndevu akija anaambiwa nyembe zimekwisha, nenda kwa Redio akupitishe mashine. Wengi walikubali. Aliyekataa ni mwalimu mstaafu, mzee mnyoofu wa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono, ambaye kwa imani yake mashine iliumbwa kwa ajili ya kondoo.

"Nyembe zimekwisha, Mwalimu."

"Kanunue. Nitakusubiri."

"Leo duka limefungwa."

"Basi kesho. Mkono, binti yangu anaolewa. Unataka nisimame mbele ya wakwe na kidevu kama shamba lisilopaliliwa?"

Mjomba akacheka kidogo, akasema njoo kesho asubuhi. Nilimwona kwenye kioo. Mdomo ulicheka, macho hayakuwemo.

Kesho yake asubuhi Mama alimuuliza kama kawaida, "Umekunywa?" Akajibu amekunywa. Kweli alikuwa amekunywa. Asichosema ni kwamba alikuwa amekunywa vya asubuhi, halafu akanywa tena, halafu akaongeza na vya jioni juu yake. Kwa hesabu yake, kama kinga kidogo ni nzuri, kubwa itakuwa ukuta. Tulipokuwa tunatoka akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Wewe si ulisomea dawa?"

"Nilisomea mapokezi ya hoteli, Mjomba. Na sikumaliza."

"Basi nyamaza."

"Sijasema kitu."

Mwalimu alifika, akaketi, akalaza kichwa. Mjomba akampaka povu kwa brashi, taratibu, hadi chini ya masikio. Akafungua wembe. Halafu hakufanya kitu. Kupitia kioo nilimwona anafumba jicho moja, analifumbua, anafumba lingine. Akayumba kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Mkono, umelala?" Mwalimu aliuliza bila kufumbua macho.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi nyoa."

"Mwalimu, nakuona una pua mbili."

Redio akaangua kicheko. "Moja ilikuwa inatosha kabisa!"

Mjomba hakucheka. Aliukunja wembe, akausukuma mpaka mwisho wa meza, mbali na mkono wake. Kisha akajishusha sakafuni polepole, mgongo ukutani, kabla sakafu haijamvuta yenyewe.

"Mwalimu, mimi nina kifafa," akasema kutoka kule chini. Ulimi ulikuwa mzito. "Nimezidisha dawa. Niliogopa nisije nikaanguka wembe uko shingoni kwako. Nikanywa nyingi. Sasa sioni."

Redio alizima mashine. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia feni ile peke yake.

Mwalimu alifumbua macho, akajishika koo lenye povu. "Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

"Na mimi nilikuwa nalala!"

Akainuka, akajifuta kwa leso yake, akatoka na povu nyuma ya sikio, bila kuaga. Mdomoni mwangu nilikuwa na tusi limeiva. Nikalimeza. Koo lilikuwa lake.

Nilichokitegemea kutoka kwa Redio ni matangazo. Badala yake alipiga magoti. "Mkono, nikushike wapi?"

"Usinishike. Mwite dada yangu."

Mimi nilikuwa nimeshampigia.

Kliniki walimweka kitandani, daktari akampima, wakakaa wanamwangalia hadi pua za watu ziliporudi kuwa mojamoja. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya chini, asiye na haraka. Alivuta kiti.

"Nani alikwambia uzidishe vidonge?"

"Hakuna, sista. Wasiwasi tu."

"Wasiwasi hauruhusiwi kuandika dawa hapa. Kidogo uende mazima. Unaogopa nini hasa? Kuanguka?"

"Kuanguka nimezoea."

"Sasa nini?"

Mama alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mkoba kifuani. "Naogopa nitazinduka," akasema, "niukute wembe mkononi, na mtu kwenye kiti hapumui."

Mama akaketi kitandani hapo hapo, juu ya mguu wa mgonjwa, bila kujua. Alikuwa amemlea, alikuwa anamuuliza kila siku kama amekunywa. Hakuwahi kumuuliza hilo lingine.

Nilisubiri sista aseme "usiogope", kwa sababu ndivyo watu husema wakitaka kumaliza mazungumzo. Hakusema. "Hiyo hofu ina ukweli ndani yake," alisema. "Wembe huo uache. Siyo kwa aibu. Mwili wako hauwezi kukupa ahadi, na shingo ni ya mwenzio. Mashine shika. Lakini hofu imekula na vingine ambavyo siyo vyake: usingizi wako, choo chako, vicheko vyako. Hivyo tutavidai." Akamwambia dawa kwa saa yake, bila kupunguza wala kuzidisha, na akisahau aje aulize, asibuni. Usingizi ukikataa, asibaki anapigana mieleka na shuka. Ainuke, akae mahali tulivu mpaka uje. Na siku ya kliniki kuna chumba wanakaa wenye kifafa na mshauri, wanaongea. "Na mtu unayefanya naye kazi ajue la kufanya. Anajua?"

"Yule? Yule akijua, taifa limejua."

"Vizuri. Itakupunguzia kazi ya kutangaza."

Tulirudi naye nyumbani. Na siku zilizofuata hakwenda saluni. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, anapangusa wembe ule kwa kitambaa, anaufungua, anaukunja. Sikupata utani wa kusema, na mimi hiyo ndiyo biashara yangu ya pili. Mama aliingia akasimama mlangoni.

"Utakaa hapo mpaka lini?"

"Dada, wananiita Mkono."

"Kwani umekatwa?"

"Bila huu, mimi ni kinyozi gani? Mashine hata mtoto anashika."

"Wewe ni kinyozi, au kinyozi ni hicho kichuma?"

"Sijui, Dada. Kweli kabisa sijui."

Nilidhani Mama atamjia juu, maana ana ulimi, na mimi wangu sikuuokota barabarani. Lakini alikaa karibu naye. Walikaa hivyo, bega kwa bega, kama watu wanaosubiri kuitwa dirishani. Baadaye Mjomba akamkabidhi wembe, naye akaondoka nao. Hajaniambia aliuweka wapi, na Mjomba hajauliza.

Aliporudi kazini, bila shaka mtaa mzima ulikuwa na habari, na matoleo kadhaa. Kwenye toleo moja alikuwa ameanguka akamkata Mwalimu sikio. Redio aliapa hilo si lake.

"Langu lilikuwa sahihi," alisema. "Na ujue nimefundishwa. Ukianguka: nasogeza viti, nakugeuza ubavu, natia kitu laini chini ya kichwa, naangalia saa. Sikushikilii, siweki kijiko mdomoni. Ikipita dakika tano, naita gari la hospitali."

"Nani kakufundisha?"

"Dada yako. Alinilaza hapa sakafuni mimi mwenyewe, akanigeuza kama godoro la kuanikwa. Wateja wanaangalia! Mpaka leo ubavu unauma."

Mjomba alicheka, safari hii na macho yakiwemo. Lakini sitaki kudanganya kwamba mambo yalinyooka. Usingizi ulirudi vipande vipande. Siku nyingine anatoka bado kuninusishia hewa. Wateja walipungua, na baadhi ya waliobaki waliketi wima kama wanapigwa picha ya pasipoti.

Alichobadilisha ni kimoja. Akakataa kunyoa mtu asiyejua. Kabla ya kumfunika mteja shuka, anamwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, amesimama mbele yake. Redio aliona ni kichaa. "Unajifukuzia watu!" Mjomba akamjibu kwamba kuficha ndiko kulikomchosha, kunyoa hakujawahi kumchosha. Siku ya kwanza alimwambia kijana mmoja mwenye nywele za kutosha viti viwili. Kijana akasikiliza, akatazama simu, akasema amekumbuka kitu nyumbani, anarudi sasa hivi. Hiyo sasa hivi bado inaendelea. Mjomba alisimama pale na shuka mkononi, akalikunja, akalikunjua.

Aliyefuata alikuwa fundi bomba, funguo zake zikining'inia kiunoni. Akajitupa kitini.

"Pangusa zote."

"Subiri kwanza, kaka. Mimi nina kifafa. Nakunywa dawa, kinakaa. Lakini kinaweza kuja."

Fundi akamtazama kwenye kioo. "Kikija sasa hivi, mashine itanifanya nini?"

"Itakuvuta nywele kidogo. Huyu mwenzangu ataizima."

"Na wewe je?"

"Mimi nitalala, nitaamka, nitakuuliza nilifikia wapi."

Fundi akafikiri. Redio alisogea karibu na swichi. Mimi nilikuwa nimeshika kava la mteja na mteja mwenyewe amesimama.

"Haya," fundi akasema, "nifunike."

Mjomba akamfunika. Alipoinua mashine mkono ulikuwa unatetemeka, na kila mtu mle ndani aliuona. Hakuuficha. Aliuweka begani kwa fundi, akapumua, akausubiri. Fundi naye akasubiri, anajiangalia kwenye kioo. Mtetemo ulipopungua, Mjomba akawasha mashine, akaanzia kisogoni.