Shati Lilifika, Mkono Haukufika

Jumatatu, wiki ya pili ya Januari. Asubuhi manyunyu yalipita hapa Ihumwa kama mgeni asiyetaka kuketi, kisha jua likawaka na upepo ukarudisha vumbi letu.

Leo nimempeleka kitinda mimba wangu kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu alitazama cheti cha kuzaliwa, akaandika, basi. Mtoto mwenyewe hata hakutazamwa. Nikabaki nimesimama, nangoja aambiwe ashike sikio. Nilipouliza, mwalimu, binti mdogo tu, alicheka: "Mama, sikio la nini?"

Basi nawaandikia wenzangu mnaojua sikio la nini. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea jina la mfupa mnirekebishe.

Enzi zetu kule upande wa Chamwino, siku ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Mimi na Nyemo, binti wa mama mkubwa, bibi alisema tulizaliwa mwaka wa njaa, ule wa unga wa njano wa msaada, mmoja kabla ya palizi, mwingine baada. Lakini shule haikuandikisha palizi. Mwalimu alikuamuru upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Ukifika, umetimiza miaka saba. Usipofika, rudi kwa mbuzi.

Nyemo alikuwa na mikono ya korongo. Tulipojaribu nyumbani, alishika sikio akabakiza vidole vya kujikunia shingo. Mimi nilikuwa na kichwa. Sijui niseme vipi vinginevyo. Tulikuwa hatujawahi kutengana hata kwenda kuteka maji, na sasa yeye angekwenda kusoma, mimi nibaki nikiongea na beberu.

Kaka yangu Yohana, wa darasa la sita, alichora mifupa ya mtu kwa mkaa kwenye ukuta wa tembe, akanifundisha. Bega, alisema, ni kama mchi ndani ya kinu, linazunguka kote. Kiwiko ni bawaba ya mlango, kinakunja upande mmoja tu. Misuli haisukumi, inavuta tu, na mmoja ukivuta mwenzake hulegea. Mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita, mtoto ana zaidi, mingine huungana baadaye. Nikapiga hesabu nikaona kwamba nina mifupa mingi kuliko mwalimu mkuu, na bado haitoshi.

Bibi hakujali ukuta. Kila jioni alinipaka samli begani, akanivuta mkono kama anayekamua ng'ombe mkaidi. Mchana nilining'inia kwenye boriti mpaka udongo wa paa ukaniingia machoni.

"Hapo unavuta kano tu," Yohana alimwambia bibi. "Mfupa unarefuka wenyewe, karibu na ncha, penye gegedu. Ale, alale, angoje."

"Kungoja si dawa," bibi akamjibu, akaongeza samli.

Niseme haki, Yohana ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini pia mwaka ule wote bega halikuniuma hata siku moja, na bibi naye aandikiwe hilo.

Miaka ile mitumba ndiyo kwanza ilianza kumwagwa mnadani. Mama aliniletea shati jeupe la Mzungu ambaye nadhani alikuwa mrefu kama nguzo ya simu. Akina mama wa wakati ule walinunua nguo ili mtoto akue ndani yake. Mikono ya shati lile ilinipita vidole kwa shibiri nzima, na hapo ndipo akili yangu ndogo ilipofunguka.

Siku ya kuandikishwa tulipanga foleni, mimi mbele, Nyemo nyuma yangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mkono. Usipinde shingo!"

Nilirusha mkono. Shati likapita juu ya kichwa, likashuka, likafunika sikio na nusu ya shavu. Nikatabasamu. Mwalimu mkuu aliufunua ule mkono wa shati taratibu, kama anayemenya muhindi, akavikuta vidole vyangu vimekaa utosini.

"Shati limefika," akasema. "Shati liandikwe darasa la kwanza. Wewe mwenye shati, mwakani."

Foleni nzima ilicheka. Hata wazazi. Nami ningecheka, kama angekuwa mtu mwingine.

Ikawa zamu ya Nyemo. Akainua ule mkono wa korongo, ukapanda, ukafika utosini, ukasimama, naye akakunja uso.

"Nyoosha," mwalimu akasema.

"Umeishia hapa, mwalimu."

"Mkono wote huu?"

"Na kichwa pia ni kirefu, mwalimu."

Tulirudi nyumbani pamoja. Mimi nalia, yeye anapiga teke kokoto. Nilimuuliza kwa nini. "Kwani mbuzi wangechungwa na nani?" akasema. Mama mkubwa alimchapa, na sikujitokeza kusema nililolijua. Hilo naliandika kwa aibu.

Mwaka uliofuata, bila samli wala boriti, mkono wangu ulifika. Mifupa ilikuwa imekua yenyewe mvua zikinyesha. Tuliandikishwa siku moja, tukakaa dawati moja, tukamaliza pamoja. Sijui mwaka ule mmoja ulimgharimu nini Nyemo. Wala siwezi kuapa kwamba aliutoa kwa ajili yangu. Huenda aliogopa viboko vya shule tu.

Cheti ni bora kuliko sikio, nakiri. Mkono haukujua umri wa mtu, na wenye vichwa vyetu tulionewa. Ila watoto wa siku hizi wanaandikishwa bila kuguswa na mtu. Bibi hawavuti, foleni haiwacheki. Na wakikua kidogo wanashinda wameinamia simu. Mwalimu wetu angewarudisha wote kwa kupinda shingo.

Jioni Nyemo alikuja kusikia habari za uandikishaji. Tukiwa tumezunguka sinia, baada ya miaka yote hii, nikamuuliza kama siku ile mkono uligoma kweli. Aliuinua, ukapanda polepole, ukasimama utosini, naye akakunja uso.

"Umeishia hapa, mwalimu," akasema.

Ni kweli bega linamsumbua tangu mavuno. Lakini uso ule niliwahi kuuona.

Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, na samaki mmoja mkavu wa Mtera. Kipande cha mwisho alikisukuma upande wangu, akasema ameshiba. Sikumwamini. Nilikila.