Sikio la Nasoro na Programu Yangu

Kosa ni langu, wala msinitafutie udhuru. Nilimpiga Nasoro, mtoto wa ami yangu, mpaka sikio lake la kushoto likafa, kwa kosa nililolifanya mimi mwenyewe!

Tulikuwa na duka la intaneti Nizwa, huku Omani, mimi na Nasoro, kompyuta sita kwenye laini moja. Mjuaji nilikuwa mimi. Nikaandika programu ya kuzunguka mtandaoni yenyewe, ikikusanya kurasa zote zenye habari za Unguja, niwatilie kwenye sidii wazee wetu waliozaliwa huko. Nikaiwekea kikomo: isichote ila kidogo kwa kila tovuti. Nikajiona bingwa!

Siku ya tatu laini ikawa haisogei. Wateja wakapiga meza, mmoja akanitukania mama. Damu ikanipanda. Nikamwona Nasoro kwenye kompyuta ya pembeni, nikajua anapakua filamu zake za Kihindi.

“Zima!”

“Yakhe, wallahi sijapakua kitu. Nasoma barua ya dada.”

“Mwongo!”

Nikamvuta kanzu ikachanika kifuani, nikambamiza ukutani. Akajikinga kwa mikono, hakunirudishia hata kofi moja. Nikaitungua bakora ya marehemu ami, baba yake mwenyewe, nikamtandika nayo ya kichwa. Ya kwanza, ya pili. Ya tatu damu ikamtoka sikioni, na mimi bado natukana! Wateja ndio walionishika.

Walipompeleka hospitali nikachomoa waya wa kompyuta yake kwa hasira. Taa ya laini ikazidi kumetameta. Nikachomoa wa kompyuta yangu, yenye ile programu. Ikatulia.

Ala! Kikomo cha kila tovuti nilikiweka, cha jumla sikukiweka. Programu ilikuwa ikichota kwenye mamia ya tovuti kwa mpigo. Na mimi nimekulia shamba, Manah, nimeona watu wakikabana kwa zamu ya maji ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia mashamba yote! Kila mmoja akifungua kidogo tu, shamba la mwisho halipati kitu.

Nikaifuta programu, nikanyamaza. Nasoro alipotoka hospitali akaniomba radhi yeye, ati aliniudhi mbele ya wateja. Nikaipokea! Sina haya mimi.

Juzi tukinywa kahawa nikajikaza, nikamwambia yote. Nilikuwa nimekaa kushotoni kwake. Akageuka, akanitegea sikio lake zima.

“Umesema nini, kaka?”

“Nimesema kahawa imepoa.”

Nyinyi wenye mikono myepesi, kabla hamjampiga mtu, chomoeni kwanza waya wenu. Na kama mmeshampiga, kaeni upande anaosikia.