Bendera ya Illiam Darajani Ballaugh

Mume wangu, Illiam Skillicorn, alisimama na bendera ya kuwaonya wenye pikipiki za mbio kwenye daraja la Ballaugh miaka thelathini na minane. Watu wanamsifu. Mimi niliyemkaushia lile koti la mvua miaka yote hiyo nina haki ya kusema yangu.

Baba yangu aliyaona mashindano ya kwanza ya pikipiki hapa kisiwani kwetu, jirani na Uingereza, kule St John's, mwaka 1907. Kwao Waingereza walikatazwa kufunga barabara, wakaja kwetu, maana bunge letu halikuona taabu kutufungia za kwetu. Baadaye mbio zikapandishwa mlimani, vumbi na mawe matupu, kondoo wakikatiza. Kisha lami, kisha pikipiki zikawa kama risasi, na duara likawa la maili thelathini na saba. Sisi tunaokaa ndani ya duara, barabara ikifungwa, tumekwisha. Huendi dukani, huendi kwa daktari. Ndiyo maana hakuna mtu wa hapa anayeoa katika zile wiki mbili za mbio, mwezi wa Juni.

Binti yetu Ealish alilijua hilo. Mbio za mwisho zilikuwa Ijumaa. Yeye akachagua Jumamosi, saa tano asubuhi, kanisa la zamani la Cronk, ng'ambo ya barabara ya mbio. Mchumba wake, Orry Kinvig, alikuwa baharia, na saa tisa alasiri ilimlazimu awe bandarini Douglas, la sivyo meli yake ingemwacha na kazi ingepotea.

Ijumaa ukungu ukashuka mlimani. Mbio zikasogezwa hadi Jumamosi.

Nikamwambia Illiam, "Tumvushe mtoto alfajiri, akavalie kwa kina Kinvig."

"Bibi harusi anatoka nyumbani kwa baba yake," akanijibu. "Halafu ukungu huu ninaujua. Kesho hakimbii mtu. Mimi nitaenda darajani kusikia tu zikiahirishwa tena, nirudi tuongozane."

Miaka yote hiyo anautazama mlima ule! Saa tatu jua likawaka kama limetumwa. Saa nne, Ealish bado hajamaliza kuvaa, barabara ikafungwa, na mume wangu yuko juu ya daraja, suti ya harusi ndani ya koti la mvua, ua kifuani, bendera mkononi.

Nikamburuta Ealish na gauni lake hadi pale.

"Illiam, mvushe mtoto."

"Barabara imefungwa, mke wangu."

"Najua imefungwa! Nakuuliza wewe mwenye bendera."

"Nimekula kiapo."

"Na kile ulichonilia mimi kanisani kilikuwa uji?"

Pikipiki ya kwanza ikaruka darajani, magurudumu yote mawili hewani, ikatua na kutokomea. Ya pili, ya tatu. Ng'ambo alikuwa amesimama Orry, uso mweupe kuliko shati lake.

"Mama! Padri anasubiri! Saa saba lazima niwe njiani!" akapaza sauti.

"Saa ninayo, mwanangu! Njia ndiyo sina!"

Jirani yetu Bi Mylchreest, aliyekuwa amekaa ukutani na chai yake, akadakia: "Mrusheni tu kama gunia la viazi, Orry atamdaka!"

"Wewe kunywa chai yako!" nikamwambia.

Illiam hakugeuka. Ealish hakulia. Aliinama ukingoni, akatazama maji yanayopita chini ya daraja.

"Baba, kanuni zinasemaje kuhusu mto?"

Na yule mtu, Mungu anisamehe, kati ya pikipiki moja na nyingine akatoa kijitabu cha kanuni mfukoni, akakiinua mbele ya macho asiiache barabara, na kukisoma kweli! Ukurasa kwa ukurasa! Nilitamani kumsukuma.

"Mto haukutajwa," akasema mwishowe.

Basi tukateremka. Nilimvalisha mwanangu mabuti ya mpira ya baba yake yaliyokuwa kando ya daraja, nikamfunga gauni kiunoni kama mkaanga samaki, tukaingia mtoni chini ya daraja. Maji yalifika magotini, baridi ya kukata mifupa. Kila pikipiki iliyoruka juu yetu ilitumwagia mchanga, na shela ikawa ya kijivu. Orry alituvuta upande wa pili, tukakimbia. Mimi ndiye niliyemfikisha Ealish mbele ya padri, viatu vyangu vikitoa maji kila hatua, kazi ambayo Illiam alikuwa ameiahidi tangu mtoto yuko kwenye kitanda cha kichanga. Saa saba Orry akaondoka kwa njia ya nje ya duara, ya pwani, kupitia Jurby na Laxey, akaiwahi meli yake.

Illiam alitokea saa tisa, barabara ilipofunguliwa. Mezani kwa kina Kinvig yalibaki makombo.

"Alipendeza?" akauliza.

"Ungemwona mwenyewe. Alipita hatua tatu chini ya miguu yako."

"Sikutazama chini," akasema. "Mwenye bendera haondoi macho barabarani."

Na kwa ninavyomjua, ni kweli hakutazama, hata mara moja. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.