Kitufe Kinachomngoja Mkulima wa Ndabibi

Baridi ya Ndabibi bado inauma vidole, na foleni ya mitungi ya maziwa imeshapita lango. Chepkemboi, karani wa kituo cha maziwa, anafuta skrini ya kompyuta kwa ncha ya leso, kisha anaigeuza iwatazame wakulima walio nje ya dirisha la kupokelea. Kibodi iliyo dirishani ameivisha karatasi ya nailoni kwa sababu ya mikono yenye maziwa.

"Sasa, mathe? Leta mtungi," anamwambia mama aliye mbele.

Maziwa yanapimwa. Jina la mama linatokea kwenye skrini kwa herufi kubwa, na kilo zake chini. Anatazama mshale wa mizani, anatazama skrini, halafu anafinya kitufe mwenyewe. Hapo ndipo maziwa yanamwagwa kwenye tangi.

Programu inayoandika majina na kilo hizo haikununuliwa popote. Imeandikwa na karani huyu wa miaka ishirini na sita, na ole wako umwambie ni kitu kidogo. "Nimeitengeneza mimi, kutoka juu mpaka chini," anasema, kidevu kikipanda.

Alianzia Nakuru, mtaa wa Free Area, alipokuwa akipiga fotokopi katika duka la Bhavik, fundi wa kompyuta. Mwaka jana, 2007, Bhavik alimpa diski yenye lugha ya kompyuta iitwayo Python, pamoja na Tkinter, vifaa vya kuundia madirisha na vitufe kwa lugha hiyo. Somo la kwanza lilikuwa mistari michache tu. Aliiandika, akaiendesha, na kidirisha cha kijivu kikafunguka kikiwa na neno moja: Habari.

"Nilipiga nduru! Bhavik alidhani nimeshikwa na stima," anakumbuka akicheka.

Kisha zikaja vurugu za baada ya uchaguzi. Kituo hiki cha maziwa kilipofunguliwa tena, Chepkemboi akaajiriwa, na akakuta watu wanapanga foleni moja bila kuaminiana. Kila mmoja alichunguza karani ni wa kabila gani na anampunja nani. Akaomba kilo za kila mtu zionekane wazi kwenye skrini. Kamati ya kituo ikampa kompyuta kuukuu na sharti moja: wakulima wakiikataa, itafungiwa ofisini, naye atapelekwa kuosha mitungi.

Asubuhi ya kwanza, mwezi wa Juni, wakulima walijaa dirishani. Akafungua programu aliyokuwa ameiandika. Kabla hajagusa chochote, skrini ikaandika: Chemutai, kilo kumi, zimepokelewa.

Lo! Chemutai mwenyewe bado alikuwa langoni akimfungua punda aliyebeba maziwa yake. Tena ni wa kabila moja na karani.

"Kumbe ndio hivi?" Mathenge, mzee mwenye ng'ombe wengi, alipaza sauti. "Maziwa ya watu wenu inaandikwa hata kabla haijafika?"

Foleni ikachafuka. Wengine walibeba mitungi yao wakaenda zao. Chepkemboi akazima kompyuta. "Niliumia, wacha tu. Mimi ndio nilikuwa natafuta dawa ya wizi, na wakaniona mwizi."

Bhavik alilitambua kosa mara tu alipoonyeshwa. Jina la Chemutai ndilo lililokuwa la kwanza kwenye programu, na zile kilo kumi zilikuwa za majaribio, zikasahauliwa.

"Bana, hiyo batani umeiambia ifanye kazi dirisha likifunguka tu," alimwambia. "Iambie ingoje mtu aifinye."

Hilo lilirekebishwa upesi. Lakini watu je? Hapo Chepkemboi akakumbuka desturi ya kituo: maziwa hayamwagwi kabla mwenyewe hajaona mshale wa mizani kwa macho yake. Akaamua kwamba kitufe nacho kitakuwa cha mwenye maziwa, si cha karani.

Wiki iliyofuata aligeuza skrini nje. Mathenge akajipeleka mbele ya foleni, wala si kwa nia njema. Mtungi wake ukapimwa, jina likatokea. Akakunja mikono akasimama, akisubiri mashine ijiandikie yenyewe kama siku ile.

Skrini ikatulia vilevile. Foleni nzima ikanyoosha shingo kutazama.

"Mbona haiandiki?" akauliza hatimaye.

"Inakungoja wewe, mzee."

Mathenge akapangusa kidole kwenye koti, akafinya. Skrini ikaandika: zimepokelewa. Akasoma jina lake kwa sauti, kisha akageukia wenzake: "Hii sasa ni sawa. Leteni maziwa."

Kompyuta haijarudi ofisini tangu siku hiyo. Januari ijayo, Chepkemboi anapanga kuanza darasa la Jumamosi katika chumba cha nyuma cha duka la Bhavik. "Vijana wetu wanajua kulipia kompyuta za saiba wacheze gemu tu. Nataka watengeneze vitu, waseme ni vyao," anasema.

Mwanafunzi wa kwanza ameshapatikana. Asubuhi hii Mathenge anafinya kitufe chake lakini haondoki. Amekuja na mjukuu wake, Wangare, anayengoja matokeo ya kidato cha nne.

"Huyu nimekuletea wewe," anamwambia Chepkemboi. "Mfundishe vile ulitengeneza hii kitu."

Chepkemboi anafungua mlango wa chumba cha karani, na Wangare anaingia upande wa ndani. Chepkemboi anamwonyesha kibodi, anamwambia aandike neno moja tu, Habari.

Nje, mitungi imejaa na baridi ni ileile. Foleni inangoja, na hakuna anayelalamika.